Viwili vya Kushoto

Karani wa mahakama aliingiza mguu wa kushoto, na kiatu kikamkaa kama kimeandikwa jina lake. Akatabasamu. Akaingiza wa kulia, akasukuma, akavuta pumzi, akasukuma tena, kisha akafanya jambo ambalo waungwana peke yao ndio hulifanya: akaulaumu mguu. Alisema labda umevimba, jana alisimama sana, na tena mguu huo wa kulia una ukaidi wake tangu utotoni.

Kasi, aliyevishona viatu vile kwa mikono yake mwenyewe, akapiga goti amsaidie. Akaleta kijiko cha kuvalia viatu, akamwomba karani akunje vidole. Karani akakunja. Wanaume wawili wazima walihangaika na kiatu kile kama wanaomtia paka kwenye gunia, mpaka shemeji yake Kasi, fundi mwenye karakana, akaacha kugonga misumari, akatazama kwa muda, akasema taratibu, "Bwana karani, hebu vua vyote viwili."

Akaviweka mezani sako kwa bako. Vyote vilikuwa vimepinda upande mmoja, kama majirani wawili wanaomsengenya wa tatu. Ngozi safi, mshono umenyooka, soli imelala vizuri. Viatu viwili vizuri kabisa, na vyote vya kushoto.

Karani alicheka mpaka akatafuta kiti. Alisema tangu aanze kazi ya kuandika kesi hajapata kusikia hii, na kama si heshima ya ofisi angevivaa hivyohivyo aone hakimu atasemaje. Fundi naye akacheka, na Kasi akacheka kuliko wote, maana mwenye kosa asipocheka anaonekana amenuna. Wakakubaliana karani arudi kesho jioni. Akavaa viatu vyake vya zamani, akaondoka, na kicheko chote akaondoka nacho.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya fundi. Meza moja ndefu, viti viwili vifupi vya kukalia wakati wa kushona, rafu tatu ukutani. Rafu ya chini ilibeba kalibu, yale maumbo ya miguu yaliyochongwa kwa mti ambayo ngozi huvutwa juu yake mpaka iwe kiatu. Ya kati ilikuwa ya ngozi. Kwenye ile ya juu kabisa lilikaa kopo la gundi. Fundi aligeuka kurudisha viatu rafuni, akasimama hapohapo, mkono hewani.

Kopo lilikuwa wazi. Kifuniko kilikuwa pembeni yake, kimelala chali, na juu ya gundi pameshaota utando kama wa maziwa yaliyopoa.

Fundi akakitwaa kifuniko, akakitazama, akamtazama Kasi. Kasi akalitazama kopo, na moyo wake ukaanza kwenda mbio bila kumwambia unakwenda wapi.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja iliyomhusu Kasi peke yake, nayo ni kwamba gundi si yake. Kushona atashona, kukata atakata, kuvuta ngozi juu ya kalibu atavuta; lakini kubandika soli ni kazi ya fundi, asubuhi, dirisha likiwa wazi. Kasi alitumia unga, dawa ya kulevya, kwa miaka kumi na mmoja, na siku unga ulipokosekana alinusa chochote chenye harufu kali, gundi ikiwamo. Siku dada yake alipomleta hapa na begi moja, fundi, mtu asiyependa maneno mengi, alisema maneno yake yote ya mwaka kwa mkupuo. Alisema atamfundisha kama vile hajawahi kushika sindano, atamlisha, atamvumilia. Ila siku atakayorudia, iwe unga, iwe gundi, iwe petroli ya kunusa kwenye tanki la pikipiki ya watu, atachukua begi lake mwenyewe, asisubiri kufukuzwa. Kasi aliapa. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne.

Jina la Kasi alilipata ujanani, karakana hiihii, enzi za marehemu baba yake fundi, alipoweza kuanza jozi baada ya chai na kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Siku hizi jozi moja ilimchukua siku nne, na watu waliendelea kumwita Kasi, wengine kwa huruma, wengine kwa uchokozi. Yeye aliitika wote.

"Jana nilipokwenda kununua ngozi," fundi akasema, "nilikuacha peke yako. Saa tatu nzima. Ulilifungua kopo?"

Swali lilikuwa dogo, la ndiyo au hapana. Kasi akafungua mdomo achague mojawapo, akakuta hakuna hata moja.

Akaenda kuitafuta jana. Aliipata vipandevipande, kama vipande vya ngozi vinavyobaki chini baada ya kukata. Alikumbuka mkasi mkononi. Alikumbuka inzi aliyetembea ukingoni mwa meza, akifika kwenye kona anarudi. Alikumbuka kuchukua uzi, kuupaka nta, na nta kunata kwenye kidole gumba. Alikumbuka pia amesimama katikati ya chumba bila kujua alisimama kwa ajili gani. Alisimama kufuata kitu. Lakini kusimama huko kulikuwa kwa jana, au juzi? Maana juzi pia alisimama. Kusimama katikati ya chumba ilikuwa karibu kazi yake ya pili.

Na kichwa kilimuuma tangu asubuhi. Aliyenusa gundi huamka kichwa kikimuuma. Lakini kichwa cha Kasi kiliuma kila baada ya siku mbili tatu, gundi ipo au haipo, kwa hiyo hata kichwa chenyewe hakikufaa kuwa shahidi.

Akavichukua viatu vya karani avitazame, labda vyenyewe vina la kusema. Navyo vilisema. Ngozi ya juu ya kiatu hukatwa kwa kufuata karatasi ngumu ya kipimo. Unailaza upande mmoja, unapata cha kushoto, unaigeuza kifudifudi, unapata cha kulia. Kasi hakuigeuza. Ndani ya ngozi zote mbili alama ya chaki ilikuwa upande uleule. Hilo kosa hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hulifanya. Lililomtisha ni la pili. Pembeni mwa kiatu kimoja aliona vitundu vya misumari midogo, vimeanza kisha vimeachwa. Maana yake aliivuta ile ngozi kwanza juu ya kalibu ya kulia, ikagoma, akaing'oa, akachukua kalibu ya kushoto, ikakubali, na mikono ikaendelea na safari yake kwa furaha. Ngozi ilimwambia kabisa kwamba amekosea, na hakuna mtu ndani yake aliyeamka kusikiliza. Soli zikabandikwa na fundi jana asubuhi, kabla hajafunga kopo na kwenda kununua ngozi, kimoja kabla ya chai na kingine baada, ndiyo maana naye hakuona.

Kumbe kuhusu kiatu angeweza kuzisoma siku zile zote, tundu kwa tundu. Ngozi huandika. Gundi haiandiki kitu.

Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mwenye sauti laini na mkono mzito wa sindano, alikuwa amemweleza mara tatu mambo yaliyompata kichwani, na mara zote tatu Kasi alisahau kabla ya kufika getini. Mara ya nne, alipokwenda kunywa dawa yake ya asubuhi, yule mama akamwuliza kazi yake ni ipi. Viatu, akasema. Basi muuguzi akamwuliza: kiatu kikivaliwa miaka kumi na mmoja na mtu mwenye mguu mkubwa, akirudishiwa mwenyewe mwenye mguu mdogo, itakuwaje? Kitapwaya, Kasi akajibu, hilo hata mtoto anajua. Muuguzi akasema ndiyo hivyo. Unga ni mguu mkubwa. Umepanua mahali ambapo furaha hukaa, na sasa furaha za kawaida zikiingia, chai ya moto, mpira redioni, mpwa wako kukuchekea, zote zinapwaya humo ndani, ndiyo maana huzisikii. Kisha akamgusa kwenye paji la uso, akasema na hapa mbele ndipo pana sauti inayosema ngoja kwanza, hebu tazama tena. Hiyo sauti imelika kama kisigino. Mikono yako inakumbuka kazi. Anayeisimamia mikono ndiye aliyechoka.

Hiyo Kasi hakuisahau. Aliuliza kama kiatu hicho kitajirudi. Muuguzi akasema ngozi hujirudi, lakini polepole, na pengine si yote, na yeyote atakayekutajia tarehe anakudanganya.

"Nakusubiri," fundi akasema.

Kasi akasema ampe nafasi akumbuke. Fundi akatoka, akaenda jirani kwa fundi miavuli, mzee mwenye kipara ambaye alikuwa na tabia ya kuingia karakana kuazima vitu bila kuomba. Sauti zao zilisikika ukutani. Fundi miavuli alikana katakata. Alisema hajakanyaga humo wiki nzima, hana haja ya gundi ya mtu, na yeye si mwizi. Fundi akarudi na mkasi wake mkubwa, uliopotea tangu mwezi uliopita. Mzee alikuwa akikatia uzi kwa mkasi huohuo wakati anaapa.

"Huyo si shahidi wala si mshitakiwa," fundi akasema, akautundika mkasi mahali pake. "Tumebaki mimi na wewe."

Na hapo ndipo picha ikamjia Kasi, wazi kama mchana. Alikiona kipara cha fundi miavuli kikichungulia mlangoni. Akauona mkono wake ukinyookea kopo, mwavuli mweusi kwapani, hata mwavuli wenyewe umevunjika ubavu mmoja. Akamsikia akisema nachovya kidogo tu. Kasi akakaribia kupiga kelele za furaha. Amekumbuka. Akavuta pumzi aseme.

Lakini kabla hajasema, akaitazama ile picha tena, na kadiri alivyoitazama ikazidi kuwa nzuri. Sasa mzee alikuwa na kofia. Kofia ya rangi ya kahawia. Sasa alikuwa anakohoa. Kila Kasi alipotaka kitu, picha ilimletea, kama mhudumu wa hoteli anayetafuta bakshishi. Aliijua kazi hii. Aliifanya miaka kumi na mmoja. Ila zamani alijua anatunga, sasa hakujua. Kama kilikuwa kipara cha kweli kilichochungulia jana, au kipara kilichozaliwa sasa hivi kwa sababu begi lake lilikuwa chini ya kitanda na hakutaka kulichukua, kwa macho yake vipara hivyo viwili vilifanana pande zote.

Akafumba mdomo.

Dada yake aliingia saa sita na nusu, katoka kwenye duka la dobi alikofanya kazi ya kupiga pasi, mikono bado ya moto. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye kicheko cha karibu, na aliingia akiuliza kwa nini karani wa mahakama amekutana naye njiani akamwambia ampe pole fundi, na pole ya nini. Kisha akaviona viatu mezani. Akacheka mara moja tu, kwa pua, halafu akaliona kopo limewekwa katikati ya meza kama maiti, na kicheko kikamfia.

Mume wake alimweleza kwa sentensi tano. Viatu. Kopo. Utando. Saa tatu za jana. Na kwamba amemwuliza Kasi na hajajibiwa. Alisema ngozi si kitu, ngozi hununuliwa. Yeye hataki kuamka siku moja akamkuta mtu ameanguka karakana kwake, mbele ya binti yake. Alisema anataka neno moja.

Dada akavuta kile kiti cha pili kifupi, akaketi magoti yakigusana na ya mdogo wake. Hakukasirika. Hilo lilimchanganya Kasi zaidi, maana hasira angejua pa kuishika.

"Mdogo wangu," akasema, "ulinusa?"

Kasi akamtazama. Maneno matatu yalikuwa yamepanga foleni mdomoni, na kila moja lilikuwa na faida zake. Hapana lingempa chakula cha mchana. Ndiyo lingempa huruma, labda na nafasi ya mwisho, watu hupenda anayetubu. Na fundi miavuli na kofia yake ya kahawia alikuwa bado anakohoa mlangoni, tayari kwa kazi. Yote matatu yalikuwa tayari, yamekunjwa na kupigwa pasi. Alijaribu kuokota lile lililokuwa kweli, akayapima, na yote yakawa na uzito mmoja.

"Sijui," akasema.

Fundi akapiga meza kwa kiganja, si kwa nguvu. Akasema sijui si jibu. Mtu hajui kama mvua itanyesha. Hajui bei ya ng'ombe nchi nyingine. Lakini kama ameingiza pua yake kwenye kopo au hakuingiza, pua ni yake na kopo lilikuwa hapa.

Kasi akasema tena hajui. Akasema ameitafuta jana yote na ina matobo. Akasema kuna picha ya fundi miavuli inamjia lakini haiamini, huenda ameitengeneza sasa hivi, na kwamba kama ni yeye Kasi aliyelifungua basi hakumbuki utamu wake wala uchungu wake, na kama si yeye basi hana namna ya kulithibitisha. Alisema hayo polepole, akisimama katikati ya sentensi kutafuta neno, kama mtu anayevuka mto usiku na kupapasa mawe kwa mguu. Mwishoni akasema kwamba begi liko chini ya kitanda. Shemeji akisema alichukue, atalichukua. Ila asiambiwe aseme anajua.

Nje mtu alikuwa anavuta mkokoteni, gurudumu moja linalia.

Dada alikuwa anamtazama mdogo wake kwa namna ya ajabu, kama mtu aliyekutana sokoni na sura aliyosoma nayo zamani.

"Unakumbuka redio ya baba yangu?" akamwuliza mumewe, bila kumtoa Kasi machoni. Mumewe akasema nani asiyekumbuka. Ilikuwa redio kubwa ya mbao. Kasi aliiuza, kisha akaja nyumbani akilia, na hadithi kamili. Mwizi alikuwa mmoja, mrefu, anachechemea, ana kovu hapa, amevaa shati la mistari lililokosa kifungo cha pili. Alimkimbiza mpaka kwenye daraja. Watu wa mtaa walitoka na fimbo kumsaka mchechemeaji, na jioni wakamleta mpiga chapa mmoja maskini wa Mungu, mguu wake mmoja mfupi tangu kuzaliwa, ikabidi baba aombe radhi mpaka kwao. Dada alikuwa anaeleza na mwenyewe anaanza kucheka, machozi yakimlenga.

"Miaka kumi na mmoja," akasema, "huyu hajawahi kukosa jibu. Hata siku moja. Ungemwuliza usiku wa manane, ana jibu, na kifungo cha shati juu yake. Leo ndiyo mara ya kwanza namsikia anasema hajui."

"Kwa hiyo?" fundi akauliza.

"Kwa hiyo mimi nami sijui," dada akasema. "Lakini alipokuwa anatumia, mimi nilikuwa najua, kwa jinsi jibu lake lilivyokuwa tayari."

Fundi hakuwa mtu wa kushawishika kwa hadithi ya redio, na uso wake haukushawishika. Akalichukua kopo, akautoa ule utando kwa ncha ya kisu, akakifunga kifuniko kwa kukigonga na nyundo pande zote, akatoka nalo mpaka chumbani kwake, wakasikia kabati likifungwa na ufunguo ukizunguka. Kasi alisubiri. Hakujua kama ufunguo ule ulikuwa unamfungia nje au ndani. Alifikiria begi, akajaribu kukumbuka kama fulana yake nyingine ilikuwa imekauka, akashindwa na hilo pia.

Fundi aliporudi hakuketi mahali pake. Alikwenda kwenye rafu ya chini, akatafuta, akachukua kalibu moja, akaja akaiweka mapajani mwa Kasi. Ilikuwa nzito, laini, imeng'arishwa na mikono ya miaka.

"Vya kushoto tunavyo viwili," akasema. "Tengeneza viwili vya kulia. Jozi moja ya karani, nyingine itapata mguu wake."

Dada akasema wale kwanza, chakula kinapoa. Fundi akasema wale, kisha kazi. Hakusema kwamba ameamini. Hakusema kwamba amesamehe, na kwa kweli hakuna aliyejua kama kulikuwa na kitu cha kusamehe. Kasi alikula bila kusikia ladha ya chumvi, kama kawaida yake, na mpwa wake aliporudi shule akamwonyesha jino linalotikisika alijitahidi kulishangaa, akalishangaa kidogo kuliko alivyotaka.

Alasiri wakaketi kwenye vile viti viwili vifupi, fundi na kiraka chake, Kasi na ngozi mpya. Aliilaza karatasi ya kipimo. Akaigeuza. Akaitazama. Akasahau kama ameshaigeuza au bado, akaigeuza tena, sasa akawa hajui kabisa. Akaiinua ile kalibu juu ya meza.

"Shemeji, hii ni ya kulia?"

"Ya kulia," fundi akasema.

"Na karatasi?"

Fundi akanyoosha shingo. "Igeuze."

Akaigeuza, akachora kwa chaki, akakata kipande cha kwanza. Inzi akapita. Mkono ulikuwa tayari umeshika cha pili, unakwenda wenyewe, unajua kazi, na mahali fulani juu ya macho kitu kikaguna kidogo, kama mtu anayejigeuza usingizini. Kasi akauzuia mkono kwa mkono mwingine. Hakujua amezuia nini. Alingoja aone kama kile kitu kitaguna tena, hakikuguna.

"Shemeji," akasema, "hii ni ya kulia?"

Fundi alikuwa na misumari mitatu midomoni. Akaitoa mmoja mmoja, akaiweka mezani, akatazama.

"Ya kulia," akasema, kwa sauti ileile, kama vile hajawahi kuulizwa.